Shemeji Alinyamazisha Pikapu Yangu kwa Sabuni

Nina miaka arobaini na sita, ni mjane, na sasa naishi kambini Uganda na mjukuu wangu mmoja. Wasomaji wenzangu, sitafuti huruma. Huruma nimepewa hadi nimeichoka... Nataka tu mnisikilize.

Mimi na mume wangu tulirudi Juba mwaka ule wa uhuru wa Sudan Kusini, kutoka huku huku Uganda tulikokulia ukimbizini. Kila mtu alikuwa anarudi nyumbani, sisi tungebaki kwa nini? Tulirudi na binti yetu wa pekee, Kiden, na pikapu kuukuu. Tukawa tunaleta nyanya na vitunguu kutoka mpakani Nimule na kuviuza soko la Jebel. Kisha mume wangu akaugua, akafariki, na usukani nikaushika mimi. Watu walinicheka, mwanamke na pikapu! Baadaye wakazoea, kwa sababu nyanya zangu ndizo zilizofika mapema.

Kwetu mume akifa, vitu vyake huangaliwa na ndugu yake. Ndugu wa mume wangu anaitwa Modi, na Modi ni fundi wa magari. Kwa hiyo kuipeleka pikapu kwa fundi mwingine kungekuwa kumtukana shemeji mbele ya ukoo mzima. Hata kubadilisha tairi nilimwita yeye. Naye alifurahia sana kuitwa.

Siku moja pikapu ikaanza kulia. Nikiiwasha asubuhi, inatoa mlio mkali mbele kwenye injini, mlio wa kukwaruza meno, hadi majirani wanachungulia. Modi akafungua boneti, akatoa kipande cha sabuni ya kufulia, akaupaka mkanda wa feni huku injini inanguruma. Kelele ikakata. Akaniambia, "Khalas, imekwisha, shemeji. Ni vumbi tu."

Baada ya siku chache mlio ukarudi. Akapaka tena, akakaza mkanda. Ukarudi tena... Mtu gani anatibu gari kwa sabuni kila wiki?

Nikaenda kwa siri mtaa wa Nyakuron, kwa fundi mmoja Mganda. Alimwagia mkanda maji kidogo, akasikiliza. Akaegemeza bisibisi ndefu kwenye pampu ya maji ya kupozea injini, akaweka sikio kwenye mpini. Kisha akazima injini, akautoa mkanda na kuitikisa puli, kile kigurudumu cha pampu, kwa mkono. Ikacheza.

"Mama, mkanda hakuna shida," akasema. "Beringi ya pampu ndiyo iko inakufa. Inakamata, halafu mkanda inateleza, inalia. Ukiendelea kukaza, unaua hii pampu haraka."

Niliagiza pampu mpya Kampala, ikaja kwenye boksi lake, inang'aa. Lakini ningeifunga kwa nani? Siri ya Nyakuron ilikuwa imeshamfikia Modi, na alikuwa amenuna, hata salamu yangu haitikii. Kiden akaniomba, "Mama, mpe baba mdogo aifunge, yaishe." Nikampelekea Modi pampu na pikapu. Jioni akanirudishia gari limetulia kabisa. Nilimpikia kuku. Alikula vizuri sana, akasema mkono wa ndugu haufanani na wa mgeni.

Wakati ule Kiden alikuwa na mimba kubwa. Mumewe alikuwa kazini Bor.

Baada ya siku mbili tatu vita vikalipuka. Hatukuwa tumemaliza hata kuzoea kuitwa nchi huru, tukaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe! Risasi zililia usiku kucha. Kulipokucha nilimpigia Modi ili tuongozane njiani, magari mawili ni afadhali kuliko moja. Simu imezimwa. Nilipita kwake nikakuta kufuli. Alikuwa ameshaondoka na familia yake kwa pikapu yake, iliyo ya aina moja na yangu, bila kutuambia neno.

Nikamlaza Kiden kwenye magodoro nyuma, tukashika barabara ya Nimule. Tulipopita Nesitu, mlio ukaanza. Nilijua sauti ile. Nikajiambia haiwezekani, pampu ni mpya... Kisha nikasikia harufu ya mpira unaoungua, mshale wa joto ukapanda, na mkanda ukakatika kwa kishindo.

Nilifungua boneti. Pampu ilikuwa ileile ya zamani, nyeusi, ina kutu, imekamata haizunguki. Kwenye kipande cha mkanda kulikuwa na utando mweupe wa sabuni.

Kiden akaanza kuumwa uchungu palepale. Magari yalipita yamejaa watu na magodoro, hakuna aliyesimama. Ningewalaumu vipi? Mtoto wa kike alizaliwa juu ya turubai langu la kufunikia nyanya, mikononi mwangu. Alilia vizuri. Lakini damu ya mama yake haikukata. Nilikunja kanga zote nilizokuwa nazo, haikukata. Lori lilipotuonea huruma tulikuwa tumeshachelewa... Kiden alinifia njiani, kichwa chake kwenye paja langu.

Modi tulimkuta Nimule. Katika ukoo wetu wote pale mpakani, mwenye gari alikuwa yeye peke yake. Kwa hiyo mwanangu alibebwa na pikapu ya Modi kwenda kuzikwa. Kabla hatujaondoka nilifungua boneti yake mbele ya watu. Pampu yangu ilikuwa humo, inang'aa.

Hakukana. Alisema, "Malesh, samahani, shemeji. Yangu ilikuwa imeharibika kabisa, nikadhani yako itavumilia kidogo." Wazee wakaniambia si wakati wake, maiti inangoja. Nikafunga boneti. Baada ya mazishi wakaniambia nimshukuru kwa kutusaidia gari. Nikamshukuru.

Wajane wenzangu, na yeyote mwenye chombo kinachomlisha, nawasihi. Gari likilia, mtafute fundi unayeweza kumgombeza. Simama pale hadi nati ya mwisho ifungwe, na pampu ya zamani uondoke nayo mkononi. Wakisema umedharau ukoo, waache waseme.

Mjukuu wangu sasa anatembea. Modi huja kututembelea kambini, na kwa desturi yetu yeye ndiye babu yake. Akifika, mtoto humkimbilia, nami humwekea kiti.