Ndege Haizunguki Ziwa

Ngurumo ilipita juu ya paa la mabati, vikombe vikatetemeka mezani. Mama alisimamisha cherehani, akatega sikio.

"Hiyo siyo ndege ya bibi yako?"

"Bado, mama. Inatua saa nne na nusu," alijibu binti yake, akifunga kamba za viatu bila haraka. Darasani walimwita Kikokotoo, maana hesabu za kichwa kwake zilikuwa mchezo.

"Uliwapigia simu uwanjani kama nilivyokuagiza?"

"Nimewapigia."

Hakupiga. Simu ya nini, na yeye ni Kikokotoo? Kibao cha barabarani kilisema mji wa bibi uko kilomita mia nne na themanini. Ndege ile huenda kilomita mia tatu na ishirini kwa saa. Akagawanya, akapata saa moja na nusu. Inaondoka saa tatu. Basi, kazi imekwisha.

Mama akarudi kwenye sare za wateja, moyo wake umetulia.

Kikokotoo aliingia uwanjani saa nne na nusu kamili, kifua mbele. Ukumbi ulikuwa mtupu. Kwenye benchi la mwisho alikaa bibi, amekumbatia kifurushi, ameshika kitambaa chekundu ili mjukuu amtambue upesi. Yeye mwenyewe, kwa sababu ya mtoto wa jicho, aliona ukungu tu. Kesho yake alitakiwa kufanyiwa upasuaji. Mama alimbembeleza miezi mitatu, naye akakubali kwa sharti moja: mtu amshike mkono mara atokapo mlangoni pa uwanja.

"Wewe ndiye mjukuu?" aliuliza karani wa tiketi. "Bibi yako ametua saa nne kasorobo. Amekuwa akimuuliza kila msichana anayepita, 'Ni wewe?' Mmoja akamcheka. Sasa ameomba kiti cha ndege ya saa tano, arudi kwao."

Kikokotoo alitazama saa ya ukutani. "Kumbe ndege imewahi."

"Haikuwahi hata kidogo. Barabara inazunguka ziwa zima. Ndege haizunguki ziwa, inakata juu kwa juu: kilomita mia mbili na arobaini, dakika arobaini na tano. Ungepiga simu ningekwambia."

Ile ngurumo ikamrudia masikioni. Alikuwa ameisikia, akaikatalia.

Alisogea benchini. Bibi akainua kitambaa.

"Ni wewe?"

Angeweza kusingizia jua, au njia. Akapiga magoti. "Ni mimi, bibi. Mama aliniagiza nipige simu. Sikupiga, nikamwambia nimepiga. Nilijiona najua, eti mimi ndiye Kikokotoo."

Bibi alipapasa uso wa mjukuu mpaka vidole vikalowa machozi.

"Kikokotoo gani hiki, kinavuja maji," alisema polepole. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kukosea hesabu si dhambi, unafuta unaandika upya. Lakini 'nimepiga' yako ndiyo iliyomtuliza mama yako, nami nikabaki gizani nikiwauliza watu wasio wangu. Uongo mdogo, na mzigo wake kabebeshwa kipofu."

Kisha akamgeukia karani. "Kiti changu mpe mwingine, mwanangu. Macho yangu nitayatibu hapahapa."

Njiani, Kikokotoo hakuuachia mkono ule. "Bibi," alisema, "mama nitamwambia mwenyewe. Na keshokutwa ukitolewa bandeji, utanikuta mlangoni pa hospitali. Saa nitamuuliza daktari, sitaikisia."