Picha Sita na Nusu

Kila asubuhi Levina aliteka maji kisimani Itetemia, akamwachia shangazi ndoo jikoni, kisha akakimbilia shuleni. Wiki ile alikwenda peke yake. Mdogo wake Sixbert alikuwa amelazwa hospitalini Kitete kwa homa ya matumbo, na mama yao alikuwa akimuuguza huko.

Darasa la tano walikuwa wakijifunza takwimu kwa picha. Mwalimu Advera aliwataka wachague jambo linalowagusa.

"Mwalimu, tuwahesabu waliougua tumbo muhula huu," Levina alisema.

Wakapita kila darasa wakiuliza: nani aliugua, na kwao wanachemsha maji ya kunywa au hawachemshi? Nyumba zinazochemsha na zisizochemsha zilikaribiana kwa idadi.

Levina ndiye aliyechora. Kila kichwa cha mtoto kiliwakilisha wanafunzi wanne walioumwa. Safu ya wasiochemsha maji ilikuwa na picha sita na nusu. Safu ya wanaochemsha ilikuwa na picha moja tu.

Kwenye mkutano wa wazazi, mchoro ulibandikwa ukutani. Mzee Raymundi, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliutazama akacheka.

"Wasiochemsha, watoto saba tu katika shule nzima? Halafu huyu aliyekatwa katikati kapatwa na nini?"

Wazazi wakaangua kicheko. "Tuendelee na mengine," mmoja akasema.

Levina aliona haya. Alipoutazama tena mchoro wake akagundua kosa: hakuandika kipimo! Alitamani kunyamaza, lakini akamkumbuka Sixbert kitandani. Akasimama.

"Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahaba!"

"Kosa ni langu. Sikuandika kwamba kila picha ni watoto wanne. Hiyo nusu ni watoto wawili."

Akachukua kalamu, akaandika chini ya mchoro: Picha 1 = wanafunzi 4.

Bi Tufaha, bibi aliyekaa mbele, akahesabu kwa vidole. "Nne mara sita, ishirini na nne. Ongeza wawili... ishirini na sita! Na wanaochemsha?"

"Wanne, bibi."

Kicheko kikakatika.

"Tusamehe, mwanangu," alisema Mzee Raymundi. "Tumecheka maradhi ya watoto wetu."

Siku hiyohiyo wazazi walikubaliana kukijengea kisima mfuniko na kuchemsha maji ya kunywa katika kila nyumba.

Muhula uliofuata, wanafunzi walichora upya. Safu ya wasiochemsha ilibaki na nusu picha, na ya wanaochemsha picha moja ileile. Sixbert alikuwa amepona na kurudi darasani. Mama yake alifika shuleni na kapu la karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Asanteni sana, wanangu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mmewaepusha wenzenu na yaliyompata wangu."

Mwalimu Advera akawageukia wanafunzi. "Mchoro usio na kipimo humpotosha msomaji, hata kama aliyeuchora ni mkweli. Mwenzenu alikosea, akasimama mbele za watu akasahihisha. Leo tunamshukuru kwa mchoro wake, lakini zaidi tunamshukuru kwa kusimama."