Mashuka ya Zahanati na Dizeli ya Shemeji

Nyumba yetu inanukia sabuni. Nyuma ya jikoni kuna chumba chenye mashine mbili za kufulia na meza ndefu ya kupigia pasi. Hapo ndipo mimi na mume wangu tunapopatia riziki. Tunafua taulo za saluni, mashuka ya nyumba mbili za wageni na mashuka ya zahanati. Zahanati peke yake ni nusu ya kazi yetu. Mimi nafua, napiga pasi na kukunja. Mume wangu anakusanya na kupeleka kwa gari.

Gari hilo nusura linitoe roho.

Lilikuwa gari la dizeli. Tulilinunua kwa kaka yake mume wangu. Shemeji huyu anasambaza vitabu na madaftari katika miji ya mbali. Asubuhi yuko hapa, jioni analala mji mwingine. Siku aliyotuuzia alisema, "Gari ni dizeli. Inanusa mafuta tu, hainywi." Mume wangu aliitikia kwa kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Kaka huyo ndiye aliyemlea na kumsomesha baada ya wazazi wao kufariki. Kaka akisema jua ni la kijani, mume wangu atatafuta miwani.

Sasa sikilizeni jinsi alivyokuwa akiendesha. Kutoka kwetu hadi saluni, wimbo mmoja wa redio hauishi. Anafika, anazima injini. Anateremsha taulo, anawasha, anakwenda nyumba ya wageni, anazima. Kwenye foleni pia anazima. Wenzake wakipiga honi nyuma, anawasha. Gari likisogea kidogo, anazima tena.

"Naokoa mafuta," ananiambia.

"Unaokoa nini, na kila siku uko kituo cha mafuta?"

"Wewe huijui dizeli."

Kweli sikuijua. Lakini macho ninayo. Ilipowaka taa ya njano kwenye dashibodi, niliiona. Yeye pia aliiona. Aliipangusa kwa kitambaa. Haikuzimika. Basi akachukua plasta ya kidonda akaibandika juu yake. Sitanii. Mtu mzima, baba wa watoto, alilifunga gari plasta.

Nikamwambia apeleke gereji. Akapeleka. Fundi alibadilisha kifaa hiki, taa ikazimika, baada ya muda ikarudi. Akabadilisha na kile, ikarudi tena. Mwishowe gari likaanza kugoma kuvuta. Kwenye mlima wa zahanati lilikuwa likipanda kama mtu aliyebeba gunia. Mashuka yakaanza kuchelewa. Leo kidogo, kesho zaidi. Nilisema mpaka sauti ikanikauka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha muuguzi mkuu wa zahanati akaniita ofisini kwake. Hakunikaribisha kiti.

"Jana mama mmoja alijifungua," alisema. "Nimemlaza juu ya godoro la plastiki. Ametandika gauni lake mwenyewe. Mashuka yake yalikuwa ndani ya gari lenu."

Mimi pia nimezaa. Najua mwili unavyokuwa saa ile.

"Nawapa mpaka mwisho wa mwezi ujao," akaendelea. "Yakiwa bado yanachelewa, natafuta dobi mwingine."

Nilirudi nyumbani na aibu, na hasira juu ya aibu. Mume wangu alikuwa kwenye chumba cha kufulia. Nilimweleza yote. Aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Fundi ana dawa. Kuna kitu ndani ya ekzosi, lile bomba la moshi, kinaziba. Atakikata akitupe."

"Akate nini?"

Sauti hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya jirani yetu, aliyekuja kuchukua mapazia yake. Mtaani tunamwita Mama Gereji. Kwa miaka mingi alisimamia magari ya kampuni ya kusambaza dawa. Yeye ndiye aliyeamua gari gani linunuliwe, gani liuzwe. Amestaafu, lakini ukali haukustaafu.

"Shikamoo, mama," mume wangu alisema.

"Marahaba. Nimeuliza, akate nini?"

"Kitu fulani kama chujio."

"Ni chujio kweli. Dizeli inatoa masizi. Chujio linayakamata yasitoke hewani. Ukilikata, masizi yote yanaingia kwenye vifua vya watu. Na wewe unaegesha mlango wa zahanati, kwa wagonjwa. Isitoshe, gari likikaguliwa utatozwa faini."

"Lakini limeziba, mama."

"Limeziba kwa sababu umeliziba. Chujio lile linajisafisha lenyewe. Linachoma masizi. Ili lichome, ekzosi lazima ipate moto sana. Inapata moto ukienda mwendo mzuri, bila kusimama, kwa muda wa kutosha. Wewe unakwenda wapi?"

"Saluni."

"Halafu?"

"Nazima injini."

Mama Gereji alinitazama. Nikamwambia, "Hata kwenye foleni anazima."

"Mwanangu," alimwambia mume wangu, na sasa alikuwa anajizuia, "kila moto unapoanza kuwaka, wewe unamwagia maji. Kisha unashangaa chungu hakichemki."

"Lakini kaka anaitumia dizeli miaka yote, na haijamsumbua."

"Kaka yako anaamkia barabara kuu. Huko dizeli ni mfalme. Inabeba mzigo, inakwenda mbali, inakula kidogo. Kaka yako hakukosea. Ninyi ndio mlimuuliza bila kutazama njia zenu."

Nilimuuliza basi sisi linatufaa gari gani. Akasema kwa safari fupi za mjini zenye kusimama kila mara, angefikiria haibridi.

Mume wangu akacheka. "Ya umeme? Mama, umeme ukikatika si ndiyo basi? Tutafua kwa mkono na kusukuma gari kwa mkono."

"Unacheka usichokijua. Haibridi ya aina ninayosema haichomekwi ukutani. Ina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Ukienda polepole, mota inafanya kazi. Ukisimama, injini inajizima. Ukikanyaga breki, ule mwendo unaopotea unageuzwa kuwa umeme, unarudi kwenye betri. Kwa hiyo foleni inayoiumiza dizeli yako, haibridi haiiogopi."

"Na betri ikifa? Nasikia bei yake ni kama kununua gari lingine."

"Hapo umeuliza swali la maana. Ni ghali. Inadumu miaka, lakini haidumu milele. Ndiyo maana hununui haibridi iliyotumika kabla fundi hajaipima betri kwa kompyuta. Muuzaji akikataa isipimwe, mwage kwaheri. Tena usinisadiki mimi kama ulivyomsadiki kaka yako. Pima mwenyewe."

Alitufundisha namna ya kupima. Tujaze tangi la dizeli mpaka juu. Tufanye kazi zetu wiki nzima, njia zilezile, mizigo ileile. Kisha tujaze tena mpaka juu. Lita zitakazoingia ndizo tulizotumia. Wiki ya pili tutumie gari lake la haibridi, vivyo hivyo.

Mume wangu alinung'unika wiki ya kwanza yote. Wiki ya pili aligombana na gari la watu. Alidhani limezimika barabarani, akatoka kufungua boneti, kumbe linangoja tu akanyage mafuta. Nilikuwa pembeni yake. Dereva wa nyuma alimwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Tulipojaza tangi mwisho wa wiki, alisimama akitazama pampu. Pale dizeli yetu ilipokunywa lita kumi, haibridi ilikunywa sita.

"Pampu hii mbovu," alisema.

"Twende nyingine basi," nikamjibu. Hakwenda.

Jioni Mama Gereji alikaa nasi kwenye meza ya pasi. "Tuwe wakweli," alisema. "Dizeli yenu ni mgonjwa. Ikitibiwa, itapunguza ulaji. Ila kwa njia zenu itaugua tena. Halafu lita si pesa. Petroli na dizeli bei zake hazilingani. Zidisha lita kwa bei ya kituoni, ndipo ulinganishe."

Tukazidisha. Haibridi bado ilikuwa nafuu.

"Sasa msiishie kwenye mafuta," akaendelea. "Watu wengi wanaishia hapo. Gari linakula hata likilala. Kuna bima. Kuna oili. Kuna spea, na fundi anayelijua. Dizeli za siku hizi zina chujio, zina injekta za kunyunyizia mafuta, na vyote ni ghali vikiharibika. Haibridi inaokoa breki, kwa sababu mota inasaidia kupunguza mwendo. Lakini ina betri, na si kila fundi wa mtaani anaiweza. Ulizeni kwanza kama yupo. Pia haibridi bei yake ya kununua inaweza kuwa juu. Kama unatoka mara moja kwa wiki, utazeeka kabla ya kurudisha hela hiyo. Ninyi mnatoka kila siku, mtairudisha."

"Kwa hiyo tuuze gari la kaka," mume wangu alisema kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anatetea dizeli. Alikuwa anamwogopa kaka yake, na mimi nilikuwa nimepigia kelele injini muda wote huo. Nilikasirika upya, safari hii juu yetu sote wawili: yeye kwa kuficha, mimi kwa kutoona.

Shemeji alikuja Jumapili. Aliona haibridi ya Mama Gereji mlangoni petu, akaanza utani kabla ya kukaa. "Shemeji, mmemnunulia mtoto kidude cha kuchezea?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu akaniwahi.

"Kaka, gari ulilotuuzia ni zuri. Kwetu sisi halifai."

"Nani amekwambia?"

"Mama mmoja aliyejifungua. Alilazwa juu ya plastiki kwa sababu gari lilishindwa mlima, na mashuka yake nilikuwa nayo mimi."

Shemeji alivuta kiti, akakaa. Mume wangu alimweleza habari ya chujio, ya moto usiofika, ya tangi na lita. Alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Kisha shemeji akatoka nje, akaingia ndani ya dizeli, akawasha. Tulimwona akikodoa macho.

"Na hii plasta?"

"Nimeibandika mimi," mume wangu alisema.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Ningekwambiaje, kaka? Wewe umenifanyia yote."

"Ungeniambia hivyohivyo ulivyoniambia leo." Shemeji alibandua plasta polepole kwa kucha. "Nimekulea ili uje kukaa kwenye shida ukinionea haya? Mwaka mzima najisifia gari hili kila ninapokwenda, na wewe linakuumiza. Umenifanya mjinga, bwana mdogo."

Alikuwa amekasirika, lakini macho yake yalikuwa na maji. Ya mume wangu pia. Nikaenda kuchemsha chai, kwa sababu wanaume hawa wawili wangekaa hapo mpaka kesho.

Shemeji aliipeleka dizeli gereji inayoaminika. Chujio lilisafishwa kwa mashine, na oili ikabadilishwa. Kisha akaenda nayo safari yake ndefu, sisi tukiendelea kuazima haibridi ya Mama Gereji. Aliporudi, taa ya njano haikuwaka tena, na gari lilikuwa linavuta kama zamani. Akalinunua tena kwetu kwa bei ya haki. Sisi tuliongeza akiba yetu, tukatafuta haibridi iliyotumika. Ya kwanza muuzaji hakutaka betri ipimwe, tukamwaga kwaheri. Ya pili ilipimwa, ikakutwa na afya. Tukainunua.

Mama Gereji alituonya jambo moja zaidi. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu linalopitisha hewa ya kupoza betri. Sisi ni watu wa nguo. Manyoya ya taulo yanaingia kila mahali, na mume wangu tayari alikuwa amerundika mafurushi juu ya tundu hilo.

"Ondoa," alimwambia. "Betri ikikosa hewa, inazeeka upesi. Na kila mwezi safisha hayo manyoya."

"Nilikuwa nataka kuondoa sasa hivi," alisema mume wangu. Hakuwa anataka kuondoa.

Mwezi ule tuliopewa ulipokaribia kwisha, tulipanda mlima wa zahanati pamoja. Foleni ilikuwa ndefu. Gari lilisogea, likasimama, likasogea, na hakuna aliyezima wala kuwasha kitu. Tulifika wauguzi wa zamu ya usiku wakiwa bado hawajaondoka.

Muuguzi mkuu alihesabu mashuka. Akahesabu tena. Akawapa wasaidizi wake, nao wakaingia nayo wodini.

"Siku hizi hamchelewi. Kumetokea nini?" aliuliza.

Kosa lake ni kumuuliza mume wangu. Alivuta pumzi, akaanza. Akamweleza dizeli, masizi, mota, betri, bima, breki, na kwa nini mtu asichague gari kabla ya kutazama safari zake. Muuguzi mkuu alikuwa na wagonjwa wanaomsubiri. Nilimvuta mume wangu shati. Hakusikia. Nilimvuta tena.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Ndani, mama mmoja mwenye kichanga alikuwa akisaidiwa kulala. Shuka lilikuwa jeupe, limenyooka, bado lina mikunjo ya pasi yangu.

Nikaliachia shati, nikamwacha aendelee kusema.