Maelezo ya Saba Mlalo

Jumatano saa nane mchana, Kitinda aliletewa karatasi ya chemshabongo ya kesho yake, akakuta ndani yake fumbo ambalo hakulitunga yeye.

Aliyeileta ni shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake, msahihishaji wa gazeti lile kwa miaka mingi. Huyo alikuwa mwanamke ambaye nukta ikikosekana ukurasa wa tatu, anaiota. Aliiweka karatasi mezani na kugonga mstari mmoja kwa kalamu nyekundu.

"Shemeji, saba mlalo hii imenishinda."

Kitinda akasoma: "Hunukia bustanini, huzunguka nyumba, na wewe ulifanya (herufi 2)."

"Jibu ni UA, hilo halina ubishi," shemeji alisema. "Ua la bustani, naelewa. Ua wa nyumba, naelewa. Hilo la tatu ndilo linalonipiga chenga. Nani kafanya nini?"

"Utani tu huo, shemeji."

"Utani wa nani? Mbona jasho linakutoka na feni inazunguka?"

Kitinda alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu kwenye foleni. Akasema atalibadilisha.

Chemshabongo ya gazeti lile haikuwa ya kuuliza majina ya milima na mito. Kila swali lilikuwa fumbo lenye pande mbili, upande wa kukupoteza na upande wa kukupa jibu, na mwishoni mabano ya kukuhesabia herufi. Aliyeianzisha ni kaka yake, ambaye wasomaji walimwita Bwana Miraba, na sharti lake lilikuwa moja: fumbo likichapwa leo, kesho lielezwe, jibu na sababu ya jibu, wala msomaji asidanganywe hata chembe. Miaka kumi na moja Kitinda alikuwa akichora miraba tu na kusaga meno. Tuseme kweli, kutunga hakujui. Miezi mitatu nyuma Bwana Miraba alikufa kwa homa, na mdogo mtu akarithi meza, kiti, na daftari lenye mafumbo mia nne ambayo hayajawahi kuchapwa. Aliachiwa na kaka, ndivyo alivyowaambia watu, na shemeji alikuwa wa kwanza kumwamini.

Alilifuta fumbo lile, akaandika jingine la paka na maziwa. Asubuhi gazeti likatoka na lilelile.

Simu zililia mpaka mhariri akachungulia mlangoni. "Kitinda, nani kafanya nini? Watu wanataka kujua. Kesho eleza vizuri."

Kitinda akaeleza. Aliandika: "UA, yaani ua la bustani na ua wa nyumba. Maneno 'wewe ulifanya' ni kosa la usahihishaji, na mhusika ameonywa." Mhusika, yaani shemeji yake, aliyekuwa akimpelekea chakula kila siku tangu matanga yaishe. Hakuona hata haya.

Alipoweka nukta ya mwisho alisikia penseli ikikwaruza. Ilikuwa adhuhuri, ofisi imejaa, watu wanabishana kuhusu mpira. Penseli haikuwepo chumba kizima, maana wote walitumia kompyuta. Lakini krii, krii, ilikwaruza chini ya meza yake, upande wa kushoto, ikasita kidogo kama anayelowesha ncha kwa ulimi, ikaendelea. Ikafuata harufu ya shuka lililolaliwa na mgonjwa siku tatu. Alivuta glasi ya maji anywe atulize moyo. Maji yaliingia kinywani yakageuka makavu, kama vumbi la karatasi, na hayakushuka.

Siku ile hakunywa. Kesho yake pia hakunywa. Akijaribu chai, chai inakauka juu ya ulimi. Akijaribu chungwa, anatafuna nyuzi. Ijumaa shemeji alipokuja na ukurasa mwingine, midomo ya Kitinda ilikuwa imepasuka.

"Shemeji, hii uliitunga wewe?" mjane aliuliza kwa sauti ya chini. "Pa kulala, pamefichwa ndani ya 'kaka, buriani' (herufi 6)."

Hakungoja ajibiwe. Mwanamke yule aliishi na Bwana Miraba miaka thelathini, mafumbo alikuwa anayafumbua akimenya vitunguu. Alipiga mstari mwekundu chini ya herufi alizozitaka, ka-KA-BURI-ani.

"Kaburi," alisema. "Na 'kaka, buriani' ni maneno yako. Uliyaandika mwenyewe kwenye tangazo la msiba, nikayasahihisha huku nalia."

"Wasomaji wananichezea, shemeji."

"Msomaji gani anaingiza mkono kwenye ukurasa kabla haujachapwa?" Akamtazama midomo, akamwonea huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyomwogopesha Kitinda kuliko penseli. Huyu asijue. Wengine wote wajue, dunia nzima ijue, lakini huyu asijue. "Hiki si kitu cha daktari," shemeji alisema. "Jumamosi njoo nyumbani. Nitamwita Bi Ubani."

Bi Ubani alikuwa mganga mnene, mwenye pumzi fupi na maneno machache. Saa kumi alasiri, katika sebule ya marehemu, pazia likiwa wazi na watoto wa jirani wakirukaruka kamba nje, alimkalisha Kitinda kwenye kiti, akamfunika shuka jeupe, akaweka chetezo miguuni pake. Moshi ulipanda. Mara ukapinda wote upande wa kushoto, ukasimama hapo kwa urefu wa mtu.

"Wewe ni nani?" Bi Ubani aliuliza.

Kinywa cha Kitinda kilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya taratibu, isiyo na umri.

"Miaka thelathini nimekaa mkono wa kushoto wa mwenye meza. Akitunga, mimi nafumbua kabla hajainua penseli, naye anacheka peke yake. Hakunijua. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu, na imekatwa."

"Unataka nini kwa huyu?"

"Nimeleta fumbo la mwisho. Naye alieleze, kama sharti la mwenye meza. Asiyeonekana, amejificha katika maneno ya mwisho ya marehemu: 'Maji, nipe.' Herufi nne."

Shemeji alisogeza midomo, akizipanga herufi bila kutaka. "Ma, JI-NI, pe," alinong'ona. "Jini."

"Jibu tunalo," ilisema sauti. "Bado maelezo."

Shemeji akageuka polepole. "Maneno ya mwisho? Uliniambia alilala tu, kama mtoto. Uliniambia hakusema neno."

Kitinda alirudishiwa ulimi wake. Alitaka kusema ni uongo wa shetani, na alipojaribu, koo liliziba, pumzi ikakatika, macho yakamtoka. Upande wa kushoto penseli ikaanza, krii, krii, na kadiri alivyotafuta uongo mwingine ndivyo koo lilivyozidi kubana, mpaka akaona njia iliyobaki ni moja, akaipita.

"Ulikuwa umekwenda duka la dawa," alisema, "na daktari alikuwa ametuambia maji ndiyo roho yake, tumnyweshe kijiko kijiko asikauke, na jagi lilikuwa mezani kwangu, nami nilikuwa nanakili daftari lake, kwa sababu nililitaka, shemeji, nililitaka miaka kumi na moja, na aliponiita akasema maji, nipe, nikamwambia subiri nimalize mstari huu, nikamaliza, nikaanza mwingine, akaita tena, nikaona kwamba nisiponyanyuka daftari ni langu na meza ni yangu, basi nikanyanyuka, lakini nilikwenda kufunga mlango, nikarudi nikakaa, nikaandika, na nyuma ya mlango akawa anasema maji, nipe, maji, nipe, halafu maji tu, halafu nikawa nasikia penseli yangu peke yake, na uliporudi nikakwambia amelala."

Watoto nje walikosea kamba, wakaanza kuhesabu upya.

Shemeji hakulia. Alishika ukingo wa meza, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesoma maandishi madogo sana. Alikuwa amemlisha huyu kwa miezi mitatu. Chuki ilimpanda toka miguuni, akaiacha ipande.

"Maelezo yametosha," ilisema sauti, tamu sasa. "Mimi sidai tena. Nitoke au nibaki, ni neno la mjane."

Bi Ubani alishusha pumzi, akaanza kufunika chetezo. "Alhamdulillahi. Mama, wewe ndiye mwenye msiba. Mwambie atoke, tumpe huyu maji, yaliyobaki ni ya polisi."

"Shemeji," Kitinda alisema. Midomo ilimchuruzika damu. "Shemeji, nakuomba. Mimi ni damu ya mumeo."

Mjane alitazama juu ya bega la kushoto la Kitinda, pale moshi uliposimama.

"Kaa," alisema.

"Mama!" Bi Ubani alishtuka. "Hujui unachokisema!"

"Najua. Kazi yangu ni kulisoma neno kabla halijatoka."

"Herufi tatu," ilisema ile sauti kwa furaha ndani ya kinywa cha Kitinda, na chini ya ulimi wake kikatua kitu kidogo cha moto, kama kaa lililotolewa jikoni sasa hivi, kikajitafutia mahali pazuri pa kukaa.