Jina la Mama kwenye Fomu ya Pasipoti

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Tausala alifagia majani ya mshelisheli uani, akawapa nguruwe maganda ya magimbi, kisha akaenda nyuma ya kanisa kunyanyua vyuma. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mabega ambayo wavulana wa kijiji walikuwa wameacha kuyatania. Wa mwisho kujaribu alibebwa juu juu na kutumbukizwa katika zizi la nguruwe.

Mabega hayo ndiyo yaliyomfanya achaguliwe kwenda Suva, nchini Fiji, kwenye mashindano ya watoto. Timu ingeondoka baada ya wiki tatu, na kati ya wanyanyuaji wanane, yeye tu ndiye hakuwa na pasipoti.

Kocha Etuale alimpa fomu na kumweleza mara mbili. Alete cheti cha kuzaliwa na picha mbili za uso usiocheka. Shahidi asiye ndugu asaini nyuma ya picha kwamba huyu ndiye mwenyewe. Na kwa kuwa yeye bado ni mtoto, mzazi aliyetajwa kwenye cheti asaini kwamba ameridhia.

"Andika kilicho kwenye cheti," alisema Kocha. "Usibuni. Hii si insha."

Picha hazikumpa shida, maana kutocheka alizaliwa nako. Mchungaji alizisaini siku hiyohiyo. Kalamu ilisimama mahali palipoandikwa: jina la mama.

Cheti kilisema Fuatino. Lakini Fuatino alikuwa Mama Mkubwa. Alimzaa Tausala, na mtoto alipofikisha wiki sita akampa mdogo wake, Lupe, ambaye hakujaliwa kuzaa. Kijijini hakuna anayeshangaa jambo hilo. Nyumba nyingi zina mtoto wa namna hiyo, na hakuna anayekwenda kuandikishana serikalini. Tausala alilijua tangu zamani. Kilichomkaa rohoni ni hasira. Miaka mitatu mfululizo, Jumapili ya Watoto, alisimama kanisani na gauni lake jeupe kusema aya zake, akakodolea macho mlangoni, na Fuatino asitokee. Naye anakaa ng'ambo tu, mwendo wa feri moja.

Basi akaandika "Lupe", kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Lupe alikuwa anasuka mkeka. Alisaini pale alipoonyeshwa kwa kidole, bila kusoma hata mstari mmoja.

Alhamisi yeye na Lupe walivuka kwa feri, wakapanda basi hadi Apia, mji mkuu. Karani wa pasipoti, mwanamke mwenye ua sikioni, aliweka fomu na cheti bega kwa bega. Akatazama huku, akatazama kule.

"Binti, una mama wangapi?"

Watu kwenye foleni walicheka. Tausala alijibu kwamba mama yake ni huyu aliyesimama hapa. Karani akamuuliza Lupe kama ni yeye aliyemzaa. Lupe alisema hapana, kwa sauti ambayo ilibidi airudie. Karani akaweka kidole chini ya ukurasa, kwenye maneno kwamba anayetoa habari za uongo anatenda kosa, akawasomea pole pole kama anayesomea watoto wa chekechea. Kisha akawapa fomu mpya. Ijazwe upya, isainiwe na Fuatino, irudi kesho kabla ya saa tisa alasiri. Ikichelewa hapo, timu itaondoka bila yeye.

Nje, Lupe alilipuka. "Umenisainisha uongo. Mimi, mwalimu wa watoto kanisani. Mbele ya foleni nzima!"

"Si uongo. Mama yangu ni wewe."

"Nani alikuuliza hilo?"

"Yeye hanitaki. Kwa nini nikamwombe sahihi? Bora nisiende Suva."

"Utakwenda Suva, na utamwomba, na utamwambia kwa mdomo wako ulichofanya. Tembea."

Walisafiri kwa basi hadi kwa Fuatino, karibu na gati la feri, kila mmoja akiangalia dirisha lake. Dereva akiongeza muziki, Lupe anamwambia apunguze. Akipunguza, Tausala anasonya.

Fuatino alikuwa anakuna nazi, watoto wake wanne wamemzunguka. Aliwakaribisha vizuri, akaanza kuulizia habari za nyumbani. Lupe akamsukuma Tausala mgongoni. Tausala akasema yote bila kuinua macho: cheti, fomu, jina alilolikwepa. Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Umenifuta," alisema Fuatino.

"Wewe ulijifuta kwanza. Miaka mitatu, Jumapili ya Watoto. Hukuja hata mara moja."

Fuatino alisimama. Uso wake uliiva kwa hasira, lakini hasira hiyo ilimpita Tausala ikamwendea mtu mwingine. "Lupe. Hujamwambia?"

Lupe akajifanya anapanga vifuu vya nazi.

"Kila mwaka nilimuuliza mdogo wangu kama nije," alisema Fuatino. "Na kila mwaka akanijibu kwamba mtoto hataki kuniona. Nikabaki hapa, nikawafulia hawa nguo zao nyeupe, nikalia kwenye beseni."

Tausala akamgeukia Lupe. Alikuwa na hasira ya kutosha kunyanyua nyumba ile pamoja na nguzo zake. "Mama, mimi nilisema hivyo lini?"

Tausala hakuwahi kusema hivyo. Lupe alikiri hilo. Alieleza kwamba aliogopa. Kadiri mtoto alivyozidi kufanana na Fuatino, aliona siku moja mwenyewe atakuja kumchukua, na hakuna karatasi ya kumzuia.

Usiku huo madada hao walikula meza moja bila kupeana hata chumvi. Lakini kabla ya kulala, Fuatino alinyoosha mkono apewe fomu. Tausala akaijaza upya akinakili cheti neno kwa neno, na Fuatino akasoma kila mstari kabla ya kusaini. Kesho yake, saa saba mchana, karani alilinganisha karatasi, akagonga muhuri bila mzaha, na baada ya siku kumi pasipoti ilikuwa tayari.

Waliifuata wote watatu. Kwenye benchi la ofisi, Tausala alikaa katikati na kuifungua tena na tena, huku mama zake, ambao bado walikuwa wanasemeshana kwa kupimiana maneno, wakichungulia kila mmoja kwa upande wake.

"Sikiliza," alisema Lupe. "Fomu haikukuuliza unampenda nani. Ilikuuliza aliyekuzaa ni nani. Ukajibu swali la moyo wako, na nusura ukose safari. Dada yangu naye aliniuliza kama aje kukuona, nikamjibu swali la woga wangu, nikawakosesha nyinyi wawili miaka mitatu. Wewe ni mtoto, mimi ni mtu mzima, kwa hiyo uongo wangu ni mbaya zaidi. Mtu akikuuliza jambo, mpe ukweli wa jambo hilo hilo, hata kama unauma. Hasira si ruhusa ya kudanganya. Na woga pia si ruhusa."

"Na usisaini usichokisoma," alisema Fuatino.

Lupe alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayejiandaa kugombana upya.

"Na usisaini usichokisoma," alikubali.