Sauti ya Awino Msituni

Nilikuwa nimetoka kununua mchele na bizari Soho Road, jua likianza kulegea, gari la Gurnam liliposimama kando yangu. Mume wangu, Bethuel, alikuwa ameketi mbele.

“Ingia, mama Awino,” alisema. “Twende tukasikilize ndege.”

Ilikuwa Aprili, mwaka wa sabini na moja. Gurnam alikuwa Singasinga wa Kisumu, jirani yetu pale Handsworth, ugenini kwa Waingereza; yeye na Bethuel walifanya kazi kiwanda kimoja cha vyuma. Mimi nilikuwa nimechoka, nimeshinda wodini nikihudumia wagonjwa. Lakini sikuweza kukataa. Tangu tumzike binti yetu, Bethuel hakuwa amenialika popote.

Awino hakufikisha hata umri wa kwenda shule. Kifua kilimbana wakati wa theluji, kikamchukua. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba baridi ikiisha atampeleka mashambani akasikie ndege wa huku wanavyoimba.

Baridi ikaisha. Awino hakuwepo.

Tulifika vilima vya Lickey kungali na mwanga. Gurnam alibaki garini na chupa yake ya chai, dirisha wazi. Sisi tuliingia msituni. Majani yalikuwa ndiyo kwanza yanachipua, na chini ya miti maua ya buluu yametanda kama mkeka. Na ndege! Chiriku walipokezana, njiwa wakaguna, na juu kabisa ndege mmoja mweusi, mdomo wa manjano, akapuliza sauti tamu, nzito, kama mtu anayejua huzuni yako na hataki kukuharakisha. Nilimtazama Bethuel. Alikuwa anatabasamu. Nililia, lakini kilio kile kilikuwa chepesi, kilinipumzisha.

Kisha ndege wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

Ikanijia harufu. Dawa ya kusugua kifua... ile ile niliyokuwa nikimpaka mwanangu.

Kutoka nyuma ya miti, ndege mmoja akapiga mluzi. Akapiga tena. Mluzi ukavunjika, ukawa neno.

“Baba...”

Bethuel alinishika mkono. “Umesikia?”

“Usiitike,” nilimnong’oneza. Kwetu tulionywa tangu utotoni: ukiitwa machweo na humwoni anayekuita, nyamaza.

“Ni mtoto wangu, Milka.”

“Bethuel, nakuomba...”

“Baba, niko hapa.”

“Naam, mwanangu!” aliitika kwa sauti kubwa. “Nakuja!”

Aliniponyoka, akapotelea mitini. Nikabaki peke yangu na ile harufu.

“Mama...”

Niliuma mkono wa koti langu.

“Mama... mbona huniitikii?”

Niliuma hadi nikaonja damu ya mdomo wangu.

Bethuel alirudi akitembea polepole, hatua fupi fupi, mkono mmoja ameushusha na vidole amevikunja, kama anayemwongoza mtoto. Hakunitazama. Nilimfuata hadi garini. Alifungua mlango wa nyuma, akangoja kidogo, kisha akaufunga taratibu kabla ya kwenda kuketi mbele.

Mimi nilikuwa bado sijaingia.

Kesho yake nilimuuliza Gurnam kama alisikia ndege yule aliyeita.

“Ndege gani, shemeji?” Alishusha sauti. “Mimi hapana sikia ndege hata mmoja tangu tumefika. Kimya tu. Mama yangu alikuwa anasema maiti hapana rudi. Lakini iko kitu, inajifunza sauti yao.”

Muuguzi mwenzangu, Mwingereza, aliniambia kuna ndege wanaoiga sauti za watu. Huenda. Lakini Awino hakuwahi kufika msitu ule. Sauti yake wangejifunzia wapi?

Bethuel alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonivunja moyo zaidi. Nilimsikia akicheka chumbani kwa mtoto, akisimulia hadithi, akinyamaza kidogo kama anayejibiwa. Nami nikisukuma mlango, ananyamaza kabisa. Akaanza kukonda. Mashavu yakabonyea, nguo zikampwaya. Madaktari walimpima damu, wakampiga picha ya mapafu, wasione kitu.

Mwezi wa sita alilala, asiinuke tena. Alasiri moja aliniita karibu na mto wake.

“Ulimsikia,” alisema. “Nawe ulimsikia. Kwa nini hukumwitikia?”

Nilimfunika shuka hadi kifuani.

“Sasa anakuogopa.”

Alikata roho kabla chai niliyomletea haijapoa.

Tulimzika kando ya binti yake. Watu wa kanisa walinisindikiza nyumbani, wakaomba, wakaondoka. Jua lilikuwa bado linawaka dirishani. Nilikaa jikoni, sina hata nguvu ya kuvua viatu.

Juu, chumba cha mtoto kikafunguka.

Nikasikia miguu midogo ikishuka ngazi. Mmoja... mwingine... vile anavyoshuka mtoto anayejishikilia ukutani. Ikaja ukumbini. Ikasita mlangoni pa jikoni, na ile harufu ya dawa ikajaa.

Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili. Jina lake lilikuwa limefika ulimini. Kama alikuwa mwanangu, alikuwa amesimama pale akingoja neno moja tu.

Alingoja muda mrefu.

Kisha miguu ikaondoka, na mlango wa mbele ukafunguka, ukafungwa taratibu, asije akamwamsha mtu.