Nani Anaburuta Miguu?

Jogoo wa jirani hakuwa na huruma hata kidogo. Aliwika, na Kokuberwa akajikongoja kutoka kitandani huku mwili wote ukimuuma. Tangu mama yake alazwe hospitali kule Rubya, na baba akaenda kumuuguza, kazi za nyumba zilimwangukia yeye. Bibi yake alikuwepo, lakini magoti yalikuwa yamemchosha. Kokuberwa ndiye aliyechota maji, akapika ndizi, akaanika kahawa. Na kahawa, jamani, haina subira. Usipoigeuza inaota ukungu.

Hapo kijijini Buganguzi watoto huigeuza kwa miguu. Kokuberwa alipanda peku juu ya turubai, akaburuta nyayo taratibu katikati ya kahawa, shwaa, shwaa, bila kuinua mguu, maana ukiinua utaiponda. Alifanya hivyo kabla ya shule, akafanya tena jioni, akiwa amesinzia nusu.

Shuleni, Madamu Renatha wa kwaya alikuwa na namna yake ya kufundisha. Hakuruhusu mtu aimbe wimbo mpya mpaka miguu iujue. "Mdomo unaweza kudanganya," alipenda kusema. "Mguu hauwezi." Basi wanafunzi wa darasa la sita walitembea uwanjani kwa mstari, miguu ikishika pigo kubwa, viganja vikipiga mapigo madogo, vinywa vimefungwa. Kokuberwa ndiye aliyeongoza mstari. Ijumaa walikuwa waende kushindana Muleba mjini, na mama yake, akiwa kitandani hospitali, alimwambia, "Ukaongoze vizuri, mwana wange." Maneno hayo hayakumtoka kichwani.

Jumatatu hiyo mstari ulianza vizuri, kisha ukalegea. Makofi yalitangulia, hatua zikabaki nyuma, watoto wakagongana.

"Simameni!" Madamu Renatha alifuta jasho. Hata yeye alikuwa amechoka. "Kuna mtu anaburuta miguu. Ni nani?"

Kokuberwa aligeuka haraka. Nyuma yake alisimama Nuriat, msichana aliyehamia kutoka Bukoba muhula huo, ambaye bado hakuwa na rafiki.

"Ni Nuriat, Madamu," alisema Kokuberwa. "Ananichanganya."

"Mimi?" Nuriat alishangaa. "Wallahi Madamu, mimi namfuata yeye!"

"Hebu kapumzike kwanza," alisema Madamu.

Nuriat alikwenda kukaa kwenye ngazi ya darasa, akafuta machozi kwa mkono wa sweta. Mstari ulianza tena bila yeye, ukalegea palepale.

Kamala, mvulana asiyekosa la kusema, aliangua kicheko. "Ehe! Sasa ameburuta nani, kivuli cha Nuriat?"

Madamu hakucheka. "Fumbeni macho. Msipige makofi. Tembeeni polepole, msikilize."

Walitembea. Hatua zilisikika ti, ti, ti, na kutoka mbele kabisa, shwaa, shwaa. Kokuberwa aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya turubai la kahawa, na ilitoka miguuni mwake mwenyewe. Alifumbua macho, akamwona Nuriat amejikunyata pale ngazini.

"Ni mimi, Madamu," alisema huku akilia. "Nimemsingizia Nuriat." Akaeleza yote, maji, kahawa, mama. "Niliogopa utaninyang'anya uongozi."

Madamu Renatha alimshika bega. "Pole sana kwa mama. Lakini uongozi nitauchukua kweli. Nuriat, njoo mbele. Na leo jioni mazoezi yatafanyika kwenu, Kokuberwa."

"Nyegera waitu!" bibi aliwakaribisha jioni kwa Kihaya, akishangaa kuona kwaya nzima uani kwake. Wengine walichukua madumu, wakashuka kisimani. Nuriat alivua viatu, akasimama kando ya turubai.

"Nionyeshe mnavyogeuza," alisema. "Lakini bado nimekasirika."

"Najua. Nisamehe."

Nuriat alipanda turubai, wakaburuta nyayo bega kwa bega mpaka kahawa yote ikageuzwa.

Ijumaa Nuriat aliongoza, na shule yao ikawa ya pili. Kokuberwa alikuwa mwisho wa mstari, akijikaza kuinua kila mguu.

Mama alirudi nyumbani wiki iliyofuata, amekonda, sauti yake ndogo. Kwanza kabisa aliuliza, "Uliongoza vizuri, mwana wange?"

Kokuberwa angeweza kuitikia tu. Mama asingejua.

"Sikuongoza, mama. Nilichoka, nikaharibu mstari, halafu nikamsingizia mwenzangu. Aliongoza yeye, na kwaya nzima ikaja kunisaidia kazi."

Mama alimvuta karibu. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Sote tunachoka. Kosa ni kuuficha uchovu wako na kumtwisha mwingine lawama. Ukilemewa, sema. Watu watakuja kukusaidia, kama walivyokuja." Alimpapasa nyayo zilizokakamaa. "Sasa nenda ukalale. Kahawa ataigeuza baba yako."